Kung'atuka Kabla ya Kuchoka

Kiswahili cha Tanzania kina neno ambalo wahudumu wa afya wanalihitaji: kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki, lugha yake ya kwanza, na mwaka 1985 akalitekeleza kwa kuacha urais kwa hiari. Aliyeng'atuka hakushindwa wala hakufukuzwa. Ameondoka angali na nguvu za kumwelekeza anayempokea.

Ngara na Biharamulo zinaijua kazi isiyoonekana mwisho. Mwaka 1994 Ngara ilipokea wakimbizi laki kadhaa kutoka Rwanda. Januari 2025 Biharamulo ikakabiliwa na virusi vya Marburg. Penye dharura kama hizo dawa pekee hazitoshi. Huhitajika pia nyimbo, maigizo na vipindi vya redio vinavyofikisha elimu ya afya vijijini.

Kazi hiyo ni njema, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtunzi akiona inavyowafaa watu, huona haya kuiacha. Muuguzi hutoka zamu ya usiku akaenda mazoezini; mgonjwa anayeongoza kwaya ya wenzake husahau tarehe yake ya kliniki. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu wa kazi uliokithiri kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungua kwa ufanisi. Anayefika hapo haharibu igizo tu. Humkaripia hata mgonjwa aliye mbele yake. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mlipuko wa Biharamulo wenyewe una somo. Haukutangazwa kwisha kwa kuwa watu wamechoka. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alifariki tarehe 28 Januari. Zikahesabiwa siku 42, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili, na tarehe 13 Machi mwisho ukatangazwa. Kipimo kilijulikana tangu mwanzo.

Sanaa ya afya nayo iwekewe kipimo: igizo la msimu mmoja, au mfululizo wa vipindi 12 vya redio. Siku ikifika, kikundi kijitathmini, kikabidhi miswada na nyimbo kwa wanaofuata, kisha kiwaage wasikilizaji na kuwaonyesha pa kuuliza. Wapo watakaosema mahitaji hayaishi. Ni kweli, na ndiyo sababu hayafai kubebwa na watu walewale daima. Vituo vya afya vianze na jambo dogo: kikundi kisizinduliwe kabla tarehe yake ya mwisho haijaandikwa.