Pompi Gani Inafaa Mtu wa Pumu?

Watu wazima wengi wenye pumu wanapenda pompi ya salbutamoli tu, kwa sababu inafungua njia za pumzi kwa dakika chache. Ni dawa njema, lakini naona haitoshi peke yake. Nguvu yake inaisha baada ya saa 4 hadi 6, na uvimbe ndani ya mapafu unabaki. Uvimbe huo ndio unaoweza kuua.

Pompi ya budesonidi au beklometasoni haileti nafuu mara moja. Lakini ukiivuta kila siku, inapunguza uvimbe. Usiiache unapojisikia vizuri. Ukiisha kuivuta, sukutua kinywa kwa maji.

Basi, uliza munganga wako: “Je, pompi yangu inapunguza uvimbe?”