Shida Si Baiskeli ya Ndani, Shida ni Ile Simu Mbele Yako

Kila nikiposti nikiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, swali ni lile lile: "Dada, kwani we huboeki?" Na kabla sijajibu, kuna mtu ashanijibia: "Weka muvi mbele yako, muda utapita wenyewe."

Mi sikubaliani kabisa. Naona ushauri huo ndio unaofanya watu wa rika letu wapige pedali wiki mbili, ya tatu baiskeli igeuke pahali pa kuanikia taulo. Leo nataka tuongee vizuri kuhusu kitu gani kinamfanya mtu aendelee.

Kwanza tuelewane kwa nini tuko ndani. Kuna wanaosema baiskeli isiyoenda popote ni mambo ya mabwanyenye wa Nyali. Haya, hebu toka Changamwe saa kumi na moja jioni ujaribu kuendesha baiskeli katikati ya matrela yanayotoka bandarini. Ukiwa Likoni na unataka kuingia kisiwani, ni feri, umeshika baiskeli mkono mmoja na umati unakusukuma. Kisauni njia za ndani ni mchanga na mashimo, na giza likiingia kila mama anataka watoto wake wawe nyumbani, na sababu nyote mnaijua. Ukiwa msichana, ongeza hapo kwamba kila steji kuna mtu mwenye la kusema kuhusu suruali yako.

Kwa hivyo kwa wengi wetu baiskeli ya ndani si anasa. Ni nusu saa ambayo hakuna anayekupigia honi wala anayekukodolea macho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Sasa ukiacha baiskeli kwa sababu ya kuboeka tu, hizo dakika utazitoa wapi?

Tuanze na kitu ambacho watu hukiita kuboeka na si kuboeka. Ukiendesha nje, upepo unakupiga, jasho linakauka, mwili unapoa. Ndani hakuna upepo. Na hapa Pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho linateremka tu bila kukauka. Mwili unazidi kupata joto, moyo unakimbia zaidi kwa kazi ile ile, na ubongo unaanza kukuambia, "Achana na hii kitu." We unadhani umechoshwa na ukuta, kumbe unaiva! Februari na Machi ndo usiseme. Kwa hivyo kabla hujatafuta burudani, tafuta feni. Hakuna feni, au stima imepotea? Sogeza baiskeli mlangoni, panda alfajiri au baada ya isha, weka maji karibu na kitambaa chenye maji shingoni. Wengi wangebaki kwenye baiskeli kama wangepoa tu.

Sasa tuje kwa simu. Ukiangalia tamthilia, miguu hufuata macho. Mhusika akilia, we unapunguza. Wakianza kusutana, umesimama kabisa. Nusu saa inaisha na hata jasho hujatoa. Huo muda umepita, kweli, lakini umepita bila mazoezi.

Najua utaniambia kuna utafiti. Upo, na nitausema bila kupunguza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Katherine Milkman na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio moja la jim. Kundi moja lilipewa vitabu vya kusikiliza vyenye hadithi za kunasa, lakini lingevisikiliza jim peke yake, si nyumbani. Mwanzoni watu hao walienda jim kwa asilimia 51 zaidi ya kundi ambalo halikupewa kitu hicho. Inavutia, sivyo? Sasa soma na mwisho wake: kadiri wiki zilivyopita nguvu ilipungua, na baada ya likizo ilipotea. Mi najifunza mambo mawili hapo. Utamu wa hadithi unaweza kukufikisha mlangoni, lakini hauwezi kukubeba mwaka mzima. Na tena ile ilikuwa hadithi ya masikioni, macho yako huru. Kwa hivyo ukitaka podkasti au hadithi, poa, iweke ya baiskeli tu, usiimalize kitandani.

Kinachobeba miguu ni mdundo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walichapisha jaribio mwaka 2010: wanafunzi 12 waliendesha baiskeli za ndani kwa dakika 25, mara tatu, kwa nyimbo zile zile. Mara moja nyimbo zilikuwa kawaida, mara moja zimeharakishwa kwa asilimia 10, na mara moja zimepunguzwa kwa asilimia 10. Nyimbo zilipoharakishwa, umbali uliongezeka kwa asilimia 2.1 na nguvu ya kukanyaga kwa asilimia 3.5. Zilipopunguzwa, umbali ulishuka kwa asilimia 3.8 na nguvu kwa asilimia 9.8. Umeona hapo? Wimbo mbaya unakuangusha kuliko wimbo mzuri unavyokuinua. Kuacha simu ijichagulie nyimbo ni kamari.

Na sisi kweli ndo tukose mdundo? Tumelelewa ndani ya matatu zenye spika kubwa kuliko viti! Hesabu hivi: sikiliza wimbo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wimbo wa mapigo 80 hadi 90 kwa dakika, mguu mmoja unashuka kila pigo, na hiyo ni kasi nzuri ya kawaida. Chakacha inakaa vizuri kwenye pedali kwa sababu imetengenezwa kwa viuno, inakuzungusha. Bango ya Mzee Ngala ni ya kupasha misuli moto. Singeli ya Dar, ambayo inaweza kupita mapigo 200, mi naiweka dakika moja moja tu, pale nataka kufa kidogo. Taarab ya Juma Bhalo au Zuhura Swaleh iwekwe mwisho, ukipoa. Si dharau jamani, taarab ni ya kutulia, na mwisho ndo pa kutulia.

Lakini muziki nao una mpaka. Ukikanyaga mpaka pumzi inakatika, hakuna wimbo utakaokuficha maumivu. Hapo dawa ni kugawanya safari. Mi hutumia njia ninayoijua kwa steji zake. Natoka Makupa, dakika tano taratibu. Changamwe, naongeza ugumu. Mikindani, nakaza dakika nne napumzika moja. Jomvu vivyo hivyo. Miritini, wimbo mmoja nimesimama juu ya pedali. Mazeras ni mlima, namaliza na kilichobaki. Wa Kisauni, chukueni Kongowea, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, Mtwapa. Wa Likoni, shukeni mpaka Ukunda. Ukiulizwa umebakisha nini, husemi "dakika kumi na saba," unasema "nimefika Jomvu." Akili inapenda pahali kuliko namba.

Halafu kuna watu, na kwangu mimi hapa ndo penyewe. Zile programu kubwa za baiskeli za ndani kama Zwift, wengi hudhani siri yao ni zile picha za milima. Mi naona siri ni kwamba kuna mwengine pembeni yako anayekufukuza. Desemba 2020 Shirikisho la Baiskeli la Kimataifa, UCI, lilifanya mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni, kila mtu yuko kwake, na bingwa wa wanawake akawa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Alishinda akiwa ndani, lakini hakuwa peke yake.

Sasa vifaa vile ni pesa ndefu, na bando lake si mchezo. Lakini kile cha muhimu tunacho tayari. Pwani ni watu wa vyama: vya arusi, vya kuzikana, vya merigoraundi. Kwani tushindwe na chama cha pedali? Watu watatu, saa moja, nyimbo moja, simu ikiwa kwa sauti tu na imelazwa kifudifudi. Mmoja ndiye konda, anataja steji: "Mikindani hapa, kaza!" Asiyetokea ananunua maji ya wengine siku ya kuonana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na miguu miwili peke yake hutafuta visingizio.

"Mi sina hata hiyo baiskeli." Nimekusikia. Jim nyingi za mtaani unalipa kwa siku, na mkiwa watatu baiskeli moja inawatosha: mmoja anakanyaga wimbo mmoja, wawili wanapumua na kumpigia makofi. Hayo ndiyo mazoezi ya vipindi, na huwezi kuboeka ukisubiri zamu yako. Ama fundi wa kuchomea vyuma akutengenezee fremu ya kuinua gurudumu la nyuma la baiskeli ya zamani. Ugumu utakuwa mdogo, kwa hivyo tegemea kasi na muda.

Kuna skrini moja tu ninayoiruhusu: mbio za baiskeli zenyewe. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza kabisa barani Afrika, na ile milima ukiiangalia miguu inaongeza kasi yenyewe. Ama tafuta zile hatua tatu ambazo Biniam Girmay wa Eritrea alishinda kwenye Tour de France ya 2024, mwaka aliochukua jezi ya kijani. Video ya hivyo inavuta miguu. Tamthilia inakusahaulisha kwamba unayo.

Sisemi tukae ndani milele. Nataka njia za baiskeli Changamwe, nataka taa Kisauni, nataka msichana wa Likoni aendeshe mpaka ferini bila kupigiwa mbinja. Tudai hayo, na tuyadai kwa sauti. Lakini siku hizo njia zikija, nataka zitukute na miguu, si na visingizio.

Kwa hivyo wiki hii jaribu vitu vitatu tu: feni au mlango wazi, nyimbo sita ulizozihesabu mwenyewe, na mtu mmoja wa kumpigia simu. Simu yenyewe ilaze kifudifudi. Halafu uje uniambie umefika steji gani.