WANAMWONDOA MTOTO, MTAA WANAUACHA UOZE!

Ndugu yangu wa kijiweni, wewe wa Manzese, Tandale na Mbagala, weka kando kidogo ubishi wa Simba na Yanga nikusimulie sinema. Si ya ngumi wala ya bastola. Ni mambo ya kweli tupu, na wanaoonekana ni watoto wenyewe.

Inaitwa The Boys of Baraka. Ilitoka 2005, na waliitengeneza wanawake wawili wa Kimarekani, Heidi Ewing na Rachel Grady. Inaanzia Baltimore, Marekani. Ndiyo, Marekani hiyo hiyo unayoota kuzamia! Nyumba zimepigwa mbao madirishani, wauza unga wamejaa kwenye kona, baba yuko jela. Sinema inasema asilimia 76 ya wavulana weusi wa mji ule hawakuwa wakimaliza sekondari.

Wakubwa wakafanyaje? Mwaka 2002 wavulana 20 wa miaka 12 na 13 wakapandishwa ndege kwa fedha za wafadhili mpaka Laikipia, Kenya, kwenye shule ya bweni iitwayo Baraka. Mpango ulikuwa wakae miaka miwili.

Na dawa ilifanya kazi. Haikuwa uchawi. Madarasa yalikuwa madogo, na kulikuwa na watu wazima waliobaki nao baada ya kengele ya mwisho. Wawili walipotwangana hawakufukuzwa. Walipewa hema moja, walisimamishe pamoja, walale humo.

Ulipoisha mwaka mmoja tu wakarudi likizo. Wazazi wakaitwa kikao, wakaambiwa kwamba kwa hofu ya usalama Kenya shule haitafunguliwa tena. Basi! Wazazi walifoka, wengine wakalia. Watoto wakabaki kwenye kona zile zile. Mtaa wao ulikuwa haujaguswa hata kwa ufagio.

Usiwacheke. Sisi tulitangulia. Ilipopita Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, vijana wa Dar es Salaam walikamatwa mchana kweupe, wakaitwa wazururaji, wakasombwa kupelekwa vijijini. Wengi wakarudi. Wenzetu walitumia ndege, sisi tukatumia malori, lakini wazo ni lile lile: mtoto wa mjini ana kasoro, mwondoe!

Hebu mtazame mdogo wako wa miaka 12. Shule imefurika, anasoma zamu ya asubuhi, mchana yuko nje. Mama yuko gengeni, baba anahangaikia kibarua. Uwanja wa mpira kigogo kauzungushia ukuta. Huko shule, jioni madarasa yamepigwa kufuli. Anayemngoja mtoto barabarani ni muuza unga, na huyo hachelewi kazini wala hagomi.

Watakwambia, "Vijana tumewatengea fedha." Kweli, sheria ya 2018 inazitaka halmashauri zitoe asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha vijana. Lakini huo ni mkopo wa mtu mzima mwenye kikundi. Mtoto wa miaka 12 atakopa nini? Huyu anahitaji mtu, meza ya kufanyia hesabu, na mpira.

Kwa hiyo tunadai hivi. Madarasa yafunguliwe mpaka jioni. Walimu waliohitimu wanazagaa bila ajira. Wapewe kazi hiyo kwa malipo ya kueleweka, kutoka kwenye bajeti ya halmashauri. Tusimtegemee mfadhili ambaye kesho anapanda ndege na kuondoka na shule yake. Na viwanja vya wazi virudishwe kwa wenyewe.

Nawe usiishie kunung'unika kijiweni. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni kumi, nendeni hamsini. Inua mkono, ulizia mapato na matumizi, uliza uwanja ule aliuuza nani. Watakuita mhuni. Wajibu hapo hapo: mhuni ni yule aliyekula uwanja wa watoto!