Biashara za simu zisimwache nyuma mkulima wa korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya biashara zinazohamia kwenye simu janja hapa kwetu Masasi na Newala.

Sina ugomvi na simu hizo. Mwenye duka la bati mjini Masasi hutuma picha na bei kwa WhatsApp, na mteja aliyeko Newala huagiza bila kupanda gari. Mama lishe anayelipwa kwa lipa namba hahangaiki tena kutafuta chenji. Hata minada ya korosho, ambayo zamani wanunuzi walitumbukiza bei zao katika sanduku, tangu msimu wa 2024/2025 imeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Hayo ni maendeleo, wala hakuna sababu ya kuyabeza.

Jambo linalonikera ni kwamba katika mlolongo huo wote, mwenye korosho ndiye mwenye simu ya tochi. Mnunuzi ana kompyuta, muuza duka ana simu janja, wakala ana simu tatu mezani. Mkulima akiuliza bei anaambiwa, "Tazama kwenye programu." Ataitazama wapi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kila msimu wa malipo, baada ya vipindi, wazee hunifuata na simu zao niwasomee ujumbe. Mwingine umeandikwa kwa Kiingereza. Mwingine unataja fedha zilizoingia tu, bila kusema ni za kilo ngapi, daraja gani, na makato ni yapi. Wengi hunitajia na namba ya siri kabla sijawauliza. Huwakataza, lakini si kila anayeombwa msaada atawakataza.

Msimu uliopita mzee mmoja, jirani yangu, alimkabidhi kijana simu pamoja na namba hiyo ili amtolee fedha kidogo za matumizi. Simu ilirudi jioni. Fedha zilizobaki hazikutosha hata kulipa vibarua wa kupalilia shamba. Mzee hakwenda kushtaki popote. Alisema ataonekana mjinga mbele ya wajukuu zake. Hadi leo suala hilo linanikosesha raha, kwani mzee huyo anajua kusoma Kiswahili vizuri. Alijifunza katika kisomo cha watu wazima.

Tukumbuke kuwa M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 haikumdai mwananchi simu ya gharama. Ilitosha kubonyeza nyota, namba na reli, kisha kufuata maelezo. Ndiyo maana ilifika hadi vijijini. Wafanyabiashara wa leo wasiifunge njia hiyo kwa kuwa tu wao wamepata simu kubwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila huduma ya biashara inayomhusu mkulima iwe pia na njia ya simu ya kawaida, kwa Kiswahili. Ujumbe wa malipo ya korosho utaje kilo, daraja, bei, kila kato na kiasi kilichobaki, ili aulinganishe na stakabadhi aliyopewa ghalani siku ya kupima.

Pili, vyama vya msingi vya ushirika, pamoja na kampuni za simu na benki zinazopata faida kwa fedha hizi, vigharimie mafunzo kabla ya msimu kuanza. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yetu yalijaa watu wazima jioni. Madarasa bado yapo, na walimu tupo. Chuoni tulifundishwa kuwa mtu hujifunza kwa kutenda. Basi kila mzee aje na simu yake mwenyewe, abonyeze kwa kidole chake.

Tatu, sisi wenye simu janja tuache tabia ya kumnyang'anya mzazi simu tukisema, "Lete nikufanyie." Tukae naye hadi aweze.

Mkulima aliyekesha na salfa shambani na kuokota korosho juani anastahili kuisoma hesabu yake bila kumwomba mtu. Nawaomba wahusika walitazame jambo hili kabla ya msimu ujao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Newala, Mtwara.