Kura Iliyoibwa na Mwenyewe

Sheria ya jinai ya India haikumsahau mtu apigaye kura kwa jina la mwingine. Kosa hilo, lililotiwa katika kanuni ya adhabu ya kikoloni mwaka 1920, limerithiwa na kanuni mpya iliyoanza kutumika Julai 1, 2024. Jina liwe la aliye hai, la marehemu, au la mtu wa kubuniwa, na hata mkosaji akiomba tu kupiga kura asifaulu, adhabu ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au faini, au vyote viwili.

Lakini aliyeibiwa je? Akifika kituoni akakuta jina lake limekwisha kupigiwa kura, naye akathibitisha kuwa ndiye, hupewa karatasi ya kando, ikatiwa katika bahasha, na siku ya kuhesabu haifunguliwi. Ihesabiwayo ni ya mwizi! Twaiona kasoro hii kuwa kubwa kuliko upungufu wowote wa adhabu. Wino wa kidoleni, utumikao tangu 1962, huzuia mtu kurudia. Haumtambui mwenye jina.

Huko Nathdwara, Rajasthan, mwaka 2008, C. P. Joshi alishindwa kwa kura moja tu. Karatasi za bahasha zikagombaniwa mahakamani, na mwaka 2011 shauri lilikuwa bado mbele ya Mahakama ya Juu.