Kikorea kwa njia ya nyimbo
Nyimbo za pop za Korea Kusini hufunza msamiati haraka kuliko sarufi. Kiitikio kikirudiwa, maneno kama maeum, yaani moyo, na sarang, yaani upendo, hukaa kichwani bila kukaririwa. Nayo alfabeti ya Hangul, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi 24 za msingi tu, kwa hiyo kufuata maandishi huku wimbo ukipigwa si kazi kubwa. Ugumu uko kwenye mpangilio wa sentensi. Kikorea huweka kitenzi mwisho, baada ya mtenda na mtendwa, na hapo anayefikiri kwa Kiswahili hujikwaa. Huko Gotu, kaunti ya Isiolo, kando ya mto Ewaso Nyiro, msemaji wa Kiborana ana nafuu: lugha yake nayo hufunga sentensi kwa kitenzi, ingawa haina udugu na Kikorea. Nafuu hiyo ina mpaka. Kitenzi cha Kiborana, kama cha Kiswahili, hubeba alama ya nafsi. Cha Kikorea hakibebi, na watunzi mara nyingi hawamtaji mtenda, hata msikilizaji akabaki kukisia nani anampenda nani. Tena nyimbo nyingi za mapenzi hutumia kauli ya marafiki. Saranghae, yaani nakupenda, humfaa mpenzi au mtu wa rika moja. Mkubwa husemeshwa kwa viishio vya heshima, -yo au -mnida, na anayemwendea mzee kwa lugha ya kiitikio huonekana hana adabu.