Aliyefungwa Bila Kuambiwa Kosa

Ukishuka kwa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, ziwa hukutokea ghafla. Ng'ambo ni Nkhata Bay, Malawi. Sisi twaliita Ziwa Nyasa, jirani zetu Ziwa Malawi, na mpaka uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ungali ukibishaniwa. Jambo la ng'ambo ambalo madarasa yetu ya fasihi hayaligusi ni msukosuko wa kisiasa na ushairi uliozaliwa humo.

Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru, baraza la mawaziri la Malawi lilivunjika. Waliopingana na Kamuzu Banda wakakimbia. Kanyama Chiume, mtu wa Nkhata Bay aliyekulia Tanganyika, akapata hifadhi kwetu. Waliobaki walijifunza kusema kwa mafumbo. Mmoja wao, Jack Mapanje, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Malawi, alichapisha diwani yake Of Chameleons and Gods mwaka 1981. Mwaka 1987 alikamatwa, akawekwa gereza la Mikuyu hadi 1991. Hakushtakiwa, wala hakuambiwa kosa lake.

Hapo ndipo ushairi wake unaponishika. Aliyehukumiwa huhesabu miaka. Asiye na hukumu hana cha kuhesabu. Hulazimika kuipekua kumbukumbu yake mwenyewe kama askari apekuavyo nyumba: lilikuwa shairi lipi? Ni mwenzangu yupi aliyepeleka maneno? Banda aliondolewa kwa kura mwaka 1994, lakini maswali ya namna hiyo hayaondoki na mtawala.

Nimeambiwa hayo ni mambo ya Malawi. Nakataa. Mwambaoni Nyasa ndugu wako pande zote mbili, na misiba huvuka maji.

Isitoshe, sisi nasi tuna ugonjwa wetu. Mshairi hupewa dakika tano mbele ya mgeni rasmi athibitishe kwamba mambo ni shwari. (Vina huwa safi kabisa.) Mwanafunzi akileta shairi lenye shaka, tunaandika pembeni: "Ujumbe haueleweki."

Nami niliandika hivyo muhula uliopita, juu ya shairi la kijana wa Mbamba Bay kuhusu babu yake aliyevuka ziwa asirudi, na ambaye nyumbani hakuna ajuaye kama alikimbia, alikamatwa au alizama. Nilimtaka achague moja. Juzi nimelifuta andiko langu, nikamwomba anisomee upya.